Chungu cha Nyanya Yako na Jiko la Gesi

Nakumbuka siku ile wanawake wa Bahati, kijijini kwa baba yako, walipokuja kukuona, mwanangu, na kuni mgongoni na vibuyu vya uji, wakiimba tangu barabarani. Nilikuwa chumbani nakunyonyesha, na furaha imenijaa. Halafu nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

Baba yako alikuwa amepewa na mzungu aliyemwajiri jiko la gesi la mezani. Nilikimbia jikoni nawe kifuani. Chungu cha nyanya yako, mama ya baba yako, kina tako la duara na hakikai kwenye chuma, kwa hiyo walikuwa wameleta mawe matatu kutoka nje, wakayapanga kuzunguka moto, juu ya jiko langu. Jiwe moja, limeshapata moto, lilikuwa limeteleza nyuma na kukalia mpira wa gesi.

Nilifunga mtungi kwanza. Kisha nikafungua mdomo.

“Nani ameweka mawe hapa?”

“Mimi,” akasema nyanya yako. “Chungu changu hakijui kusimama bila mawe.”

“Basi kikasimame nje, mama. Hapa kitatuchoma sisi na mtoto.”

Mke wa mtu haongei na mama mkwe hivyo, tena mbele ya wageni. Shangazi ya baba yako akanong'ona, lakini kwa sauti ya kutosha, “Kumbe tulitoa mbuzi wote wale wa mahari tuletewe mwalimu.”

Nyanya yako aligusa ule mpira, akaondoa kidole haraka.

“Umekuwa laini kama ugali,” akasema. “Toeni mawe. Huyu ana haki ya kukasirika.” Kisha akanigeukia. “Lakini wewe, tulipofika ulituonyesha mapazia na kitanda. Jiko hukutuonyesha. Tungejuaje?”

Alisema kweli, nikaanza kucheka, naye akacheka. Tulicheka sote mpaka wewe, uliyekuwa umesinzia kifuani, ukaamka. Chungu kilienda uani na mawe yake, na mukimo wa siku ile, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, sijala mwingine kama huo. Mpira mpya ulipofungwa, nyanya yako ndiye aliyewasha jiko, chai ikachemka, akalipigia makofi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipata jiko lako, chagua sufuria yenye tako bapa, inayokaa imara, isiyo kubwa kupita jiko wala ndogo hata moto upande ubavuni. Mshiko uelekeze ndani, usifikiwe na mkono wa mtoto. Washa kiberiti kabla hujafungulia gesi. Mpira ukikauka au ukipasuka, usipike, na asikudanganye mtu eti utadumu kidogo. Na mgeni akiingia jikoni mwako, mwonyeshe jiko kabla ya mapazia. Ukiona hatari sema, hata kama ni mama mkwe.

Mungu akupe jikoni penye kelele nyingi za wanawake, sufuria zisizopinduka, na mama mkwe anayejua kucheka.