Nukta nne za Justa

Saa tatu na nusu asubuhi, Justa Leonsi anafungua kompyuta katika kibanda chake cha kutengeneza redio, Izia, Sumbawanga. Kando yake kuna sweta la mtoto lililoviringishwa. Ndani yake amelaza kipokezi cha redio, kidogo kama kiberiti.

"Lazima kipate joto kwanza," anasema. "Kikianza na baridi, masafa ya mawimbi yanahama kadiri kinavyopata joto."

Anasubiri setelaiti ya hali ya hewa, itakayopita kwa dakika kumi na mbili tu. Kwenye simu yuko mdogo wake, Epifania, mkulima wa Mpui. Mwaka jana mvua ya ghafla ilimwozeshea magunia sita ya maharage.

"Dada, nianike?"

"Subiri, mdogo wangu."

Kwenye skrini, mamia ya nukta yanazunguka. Setelaiti ikija masafa yake hupanda, ikienda zake hushuka, kama honi ya lori linalokupita barabara ya Matai. Kompyuta inapaswa kuyafuata, kisha ishikane na wimbi lenyewe, ipande linapopanda na ishuke linaposhuka. Ikiteleza kidogo, hakuna picha.

Mwaka jana Justa alikosa picha wiki mbili, zile zile maharage yalipooza. Alikuwa amekifunga kipokezi juu ya mlingoti, kwenye baridi ya nyanda za juu za Ufipa. Jua lilipochomoza kilipata joto ghafla, masafa yakakimbia. Lawama akambebesha jirani yake Adolfu, mchomelea vyuma, akidhani mashine yake inavuruga mawimbi.

"Nilimzimia mashine mbele ya wateja. Kumbe kosa ni langu! Nilimwomba radhi kwa aibu."

Ghafla nukta zinajikusanya katika makundi manne, zinatulia tuli: kompyuta imelishika wimbi. Mwandishi wa makala haya anasahau kalamu.

"Kila siku mwili unanisisimka," Justa ananong'ona. "Kitu kinakimbia huko juu kabisa, na sisi hapa Izia tumekishika."

Picha inashuka mstari kwa mstari: Ziwa Tanganyika, kisha mawingu mazito yakielekea Ufipa.

"Epi, usianike."

"Dada, huku jua linawaka!"

"Mwaka jana sikuwa na picha. Leo ninayo. Usianike."

Sasa anapanga kuunganisha vipokezi viwili vitakavyofuata mapigo ya kristali moja, kijiwe kinachoongoza masafa, ili picha isikatike setelaiti inapozama. Adolfu ameahidi kumchomelea mlingoti wa pili.

Saa tisa alasiri bado anaueleza mpango huo simu inapoita. Ni Epifania. Ameinyoosha simu mlangoni, na bati la Mpui linasikika likipigwa na mvua.

"Maharage yako ndani, dada," anasema hatimaye. "Yote."