Nilisikia Sauti ya Mtani Wangu Inakatika, Nikapuliza Filimbi

Nina hatia, na imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kibiti nzima wanasema marehemu kafa kwa siku yake. Mimi peke yangu najua nilichokisikia barabarani asubuhi ile, na nilichokifanya baada ya kukisikia.

Nitamwita Shomari, ingawa si jina lake. Alikuwa rafiki yangu na mtani wangu. Kwao na kwetu walitaniana tangu enzi za mababu, na sisi tukaurithi utani ule tukaupitisha kiasi. Yeye aliniita mwizi wa kuku, mimi nikimwita maiti asiyezikwa. Yarabi nisamehe!

Kila Jumapili tulikimbia na klabu yetu ya jogingi. Mnazijua jogingi zetu: watu wanapanga mistari, mmoja anakaa mbele na filimbi, anaimbisha, wenzake wanaitikia. Filimbi ilikuwa ya Shomari. Niliitamani mpaka nikamwomba, naye akanipa kwa moyo mweupe, akarudi mstari wa nyuma.

Kabla ya kunipa alinifundisha. Tulikuwa na zoezi la kukimbia na uchovu. Jumamosi jioni watu wametoka kuvuna mpunga bondeni, tunakimbia. Jumapili alfajiri tunakimbia tena kabla miguu haijapoa. Ukizoea hivyo, siku ya mashindano uchovu haukutishi. Lakini zoezi lile halitaki saa, linataka usikie.

"Ukiuliza mmechoka, wote watasema bado," aliniambia. "Hata anayekata roho atasema bado. Usisikilize neno, sikiliza sauti. Ikiwa nene, wapeleke. Ikianza kukatika, punguza, hata kama roho yako inataka mbio. Na miguu yako mwenyewe iulize hivyo hivyo."

Nilimwelewa, sitaki kudanganya kwamba sikufundishwa. Wallahi nilifika mahali namjua aliyebanwa na pumzi bila kugeuka.

Kilichoniponza ni sifa! Klabu moja ya Nyamwage ilitualika kwenye bonanza, kisha vijana wao wakawa wanarusha kasi zao kwenye kundi la simu na kutucheka. Nikafunga simu mkononi, ile inayopima mwendo. Tangu hapo macho yangu yakawa kwenye namba tu.

Jumapili ile Shomari alikuja amechelewa, anaburuta viatu. Jana yake alishinda bondeni anavuna, na jioni akakimbia na sisi.

"Mtani, leo miguu hii siyo yangu," akasema. "Na kifua kizito."

Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie: "Miguu ya nani basi? Umeazima kwa shemeji? Mrudishie, anaihitaji!"

Watu wakavunjika mbavu. Naye akacheka. Angefanya nini? Mtani akishakucheka mbele za watu, ukijieleza unaonekana umenuna, na kwetu anayenunia utani hana maana. Akaingia mstari wa nyuma.

Tukashika lami kuelekea Ikwiriri. "Mmechoka?" "Bado!" Sauti ya Shomari ilikuwa nzito, ilikaa chini ya zote, huwezi kuikosa. Tulipofika kwenye mikorosho ikaanza kuchelewa. Wenzake wameshasema bado, ndipo yake inakuja peke yake, nusu neno.

Nikasikia. Jamani, nilisikia! Nikaangalia simu, hatujawahi kwenda kasi ile. Nikasema moyoni, nikipunguza sasa Nyamwage watatucheka. Nikapuliza filimbi, nikaongeza mwendo.

"Mmechoka?" "Bado!" Shomari hayumo. Nikauliza tena. Hayumo. Sikugeuka, maana ningegeuka ningelazimika kusimama.

Mara ya tatu hakuna aliyeitika. Viatu nyuma vimevurugika, mwanamke mmoja anapiga yowe kwamba Shomari kaanguka. Wa mstari wa nyuma walimwona akibaki, lakini aliwapungia mkono waende, wakaenda. Tulipomfikisha hospitali na bajaji alikuwa ameshatutoka. Simu mkononi mwangu ilikuwa bado inahesabu.

Madaktari wakasema ni moyo. Nilipoulizwa mimi, nikajibu kwamba hakuonyesha dalili yoyote. Loo, ulimi huu!

Siku ya kuondoa tanga kina mama wakanishika. "Wewe mtani gani, msiba mzima umenyamaza? Hebu tuigizie mwenzio!" Ningekataa wangeshangaa. Nikakimbia pale uani kwa mwendo wake, kifua mbele, nikauliza: "Mmechoka?" Wake kwa waume wakaitika: "Bado!" Wakacheka huku wanalia. Mimi nikaenda kujificha nyuma ya choo.

Niliporudi, mkewe akaniita. Alikuwa amekaa eda, akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, alfajiri ile hakutaka kuamka. Alisema miguu inamuuma. Mimi ndiye niliyemtoa kitandani. Nikamwambia nenda, la sivyo mtani wako atakusema mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemuua mume wangu."

Neno lilikuwa mdomoni. Moja tu, lingemtua mzigo ule! Nikalimeza. Nikasema: "Kazi ya Mungu, shemeji. Aliitikia mpaka mwisho."

Akasema alhamdulillah, akalia.

Eda imekwisha, na mama wa watu hajapona. Kakonda. Kila akipewa pole anajibu kwamba yeye ndiye aliyemtoa mumewe kitandani. Mimi klabu nimeacha, nasingizia goti. Nikisikia filimbi barabarani naingia ndani nafunga mlango. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La kwangu lilisikia vizuri kabisa, na aliyekufa ni mwingine.

Ndugu unayesoma, kama kuna watu wanaokwenda kwa mwendo wako, iwe jogingi, iwe shambani, iwe nyumbani kwako, mtu akikwambia kachoka usimfanye kichekesho. Hata mtani kuna siku anasema kweli. Ukisikia sauti imepungua, geuka! Usiogope kuchekwa. Mimi niliogopa kuchekwa na watu wa Nyamwage, leo natamani wangenicheka mpaka kiama.

Na wewe shemeji, najua kuna mtu atakusomea hapa. Hukumuua. Ulimwamsha mumeo aende kwa rafiki yake, kosa lako liko wapi? Alichoka mikononi mwangu, nikamsikia, nikamwacha. Kesho baada ya alasiri nitakuja kulisema hili mbele yako na kaka zako. Msinitolee kiti.