Mama mkwe, mkungu na gari la viti saba

Leo Mama mkwe amegomea gari mbele ya muuzaji, kisa mkungu wa ndizi.

Tunatafuta gari la viti saba kwa ajili yake. Sisi na watoto tuko sita, wa saba ni yeye, asihangaike tena na mabasi kutoka Muleba. Leo kaja Bukoba tuchague naye.

Kaja na mkungu. Kautua mbele ya gari tulilolipenda.

"Fungua buti," akamwambia muuzaji.

Viti vyote vikiwa vimesimama, buti limebaki kama rafu ya sahani. Mkungu umegoma kuingia.

"Sasa mkija kwangu mtarudi mikono mitupu?"

Muuzaji akalaza kiti kimoja cha nyuma. Mkungu ukaingia wote.

"Hili sasa ni gari."

Nikamwambia, "Mama, hicho kilicholazwa ndicho kiti chako."

"Mimi nitapanda basi, mwanangu. Ndizi zitapanda na nani?"

Mume wangu kageukia tairi, eti anakagua.

Jamani, mama zenu nao wako hivi?

Gari tumelichukua. Tunarudi nyumbani, nimegeuka nyuma: Mama kajibana kando ya mkungu wake, kaushika usiumie.