Nilivyofukuzwa Kwenye Krispi Zangu

Kwa miaka mingi biashara yangu ilikuwa na mtu mmoja tu, na sikuwahi kugombana naye kwa sababu alikuwa mimi. Nilinunua nduma, ambazo wengine huziita magimbi, kwa wenye vishamba vya kando ya mto hapa Kibugu, nikazimenya, nikazikata vipande vyembamba kwa kisu, nikazikaanga krispi kwenye karai. Mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka Meru mjini, alizionja kwenye harusi fulani Embu akazipenda, na tangu hapo kila wiki nilimtumia katoni kwa gari la asubuhi. Majani chai yetu yanalipa yanapojisikia. Mzee wa Meru alilipa kila Jumatatu, na ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba yangu.

Shida ilikuwa mkono. Utomvu wa nduma mbichi unawasha, hilo nilishalizoea. Lakini kukata kutwa nzima kulikimaliza kifundo cha mkono wa kulia, hadi kushika kikombe cha chai ikawa taabu. Nikasikia serikali inawapa wafanyabiashara wadogo mashine za kukatia. Nikavaa nguo ya kanisa, nikaenda ofisini Embu na pakiti moja ya kuonjesha.

Afisa alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alionja, akaonja tena, pakiti ikaisha.

"Madam, hii kitu ni tamu sana," alisema akijipangusa vidole. "Lakini program yetu ni ya groups. Individual hatuwezi support."

"Kwani mashine moja inazungushwa na watu wangapi?"

"Kuanzia kumi."

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni, nikaona hatanii.

Kupata watu tisa wa kujifanya wanatengeneza krispi si kazi ngumu. Nilianza na mume wangu, nikamwongeza mama mkwe, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa ua wetu, kisha jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu. Sita waliobaki niliwatoa kwenye kwaya, nikiwaahidi chai na mandazi. Niliwaeleza wote waziwazi: tutajiandikisha, mashine ikija mtapigwa picha, halafu kila mtu arudi kwake. Wote walitikisa kichwa kukubali, na mwalimu ndiye aliyetikisa zaidi.

Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwangu. Mwalimu aliomba sala ndefu, nami nikatoka kwenda jikoni kuleta chai. Niliporudi na sinia, uchaguzi ulikuwa umekwisha. Mwalimu alikuwa mwenyekiti, mama mkwe mweka hazina, na mume wangu, ambaye hawezi kupanga hata soksi zake, alikuwa mpangaji wa shughuli.

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe ni member, mama," mwenyekiti alisema kwa upole. "Tuliona uko busy huko jikoni. Halafu, umeingia mkutano ikiwa imeanza. Tumepitisha fine ya kuchelewa."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Nikaweka sinia mezani, nikatoa pesa kwenye pochi, nikalipa faini ya kuchelewa kutoka jikoni kwangu hadi sebuleni kwangu. Wageni walipoondoka nilimuuliza mume wangu kwa nini hakunitaja jina.

"Mimi nilisecond tu wale waliopendekezwa," alisema.

Mashine ilikuja. Tulipigwa picha, mwenyekiti akiwa ameishika kama mtoto wa ubatizo, mimi nikiwa nyuma ya mtu wa sauti ya besi ambaye ni mpana. Ikawekwa stoo kwangu, kwa kuwa ina kufuli, na ufunguo akapewa mweka hazina. Nami nikajipongeza kwamba angalau ufunguo umebaki ndani ya boma.

Sikumjua mama mkwe. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mke wa fulani na mama wa fulani. Sasa alikuwa na cheo chake mwenyewe, na alikishika kwa mikono miwili. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso, akawa analala nao. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuuomba.

"Leta resolution," aliniambia.

Mama huyu hajui Kiingereza cha kuomba maji, lakini neno hilo alilijifunza kwa siku moja. Maana yake ni kwamba stoo ingefunguliwa tu kwa uamuzi wa mkutano, na mkutano ungekuwa halali tu watu saba wakihudhuria. Ukiondoa siku za kuchuma chai, za kliniki, za kanisa na za matanga, watu saba wa Kibugu hawana nafasi siku moja mpaka Krismasi. Kulikuwa na kundi la WhatsApp, lakini mwenyekiti alilifunga hivi kwamba viongozi peke yao ndio wanaoandika. Nikawa nasoma kwenye simu yangu habari za krispi zangu, bila uwezo wa kujibu hata neno moja. Mara moja tu watu saba walipatikana, na kikao chote kikaisha kwenye mjadala wa rangi ya fulana. Walikubaliana rangi ya damu ya mzee.

Basi nikaendelea na kisu. Nilikata nduma upande huu wa ukuta, na mashine mpya ikakaa upande ule ikiwa bado na nailoni yake, mkono wangu ukazidi kuvimba. Sikumweleza mtu yeyote nje ya boma. Ningeanzia wapi?

Kisha Idi ikakaribia, na mzee wa Meru akapiga simu.

"Mama, sikukuu hii nataka katoni tano. Ziondoke huko Alhamisi asubuhi, nizipate mapema," alisema. "Mimi sipendi kukuacha, Mungu ajua. Lakini ukikosa safari hii nitachukua za Nairobi. Wale wananiletea mpaka mlangoni."

Sikuwa na mteja mwingine wa maana. Nilimkimbilia mama mkwe, nikamsihi, akaniambia hakuna quorum, wanne wako matangani Mbeere. Nikanunua gunia la nduma nikaanza kukata tangu Jumatatu, huku nimefunga kifundo kwa kitambaa.

Jumatano mchana, gunia likiwa limefika nusu, nilisikia hodi. Siku hiyo quorum ilipatikana. Walikuja wote tisa, hata wale wa matangani. Mwenyekiti aliniita sebuleni, akaniambia nimeshtakiwa kwa kuendesha biashara inayoshindana na kikundi.

"Biashara gani?"

"Ya crisps za nduma."

"Kikundi kimewahi kutengeneza hata krispi moja?"

"Mama, usitoke nje ya agenda. Na hukuinua mkono."

Nikauinua, ule uliovimba. Hakuna aliyeuliza umepatwa na nini. Mama mkwe alisimama akatoa ushahidi: "Mimi nimeona moshi. Nimesikia harufu ya mafuta tangu Monday. Mimi siwezi danganya kikundi." Mume wangu naye aliulizwa, akakiri kwamba alionja, lakini kidogo tu. Wakapiga kura. Mkono wa mume wangu ulifika usawa wa sikio ukajikuna hapo hapo, na mwenyekiti akauhesabu. Nilifukuzwa.

"Sasa wale si members watupishe kidogo," mwenyekiti alisema, "tuendelee."

Na mimi nikatoka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliondoka sebuleni kwangu kama mtu aliyekosea mlango. Nilisimama uani karibu na gunia, machozi yakinilenga, nikihesabu saa zilizobaki kabla ya gari la asubuhi. Kupitia dirishani nikamsikia mwenyekiti akiuliza ni nani atatumwa aniombe niwaletee chai.

Hasira zikanipanda. Nikarudi ndani, nikashika kiti alichokalia mume wangu. Aliinuka haraka. Nikakitoa uani. Nikarudi nikachukua cha besi, cha soprano, kimoja baada ya kingine, kwa mkono wa kushoto, mpaka kwaya nzima ikawa imesimama.

"Mama, hii ni disruption ya mkutano," mwenyekiti alisema.

"Mkutano ni wako. Kiti ni changu."

Akasimama, kalamu mkononi. Akabaki mama mkwe peke yake. Hapo nilikwama, kwa sababu mama mkwe hang'olewi kitini, hata ukiwa umekasirika namna gani. Nilisimama mbele yake nikihema. Aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu, kile kitambaa na vidole vilivyofura. Kisha akainuka mwenyewe, akakibeba kiti chake, akatoka nacho hadi uani, akakiweka karibu na gunia.

"Mama, nipe basi ufunguo," nilimwambia.

"Siwezi. Ufunguo ni ya kikundi." Alikaa, akakunja mikono ya sweta. "Leta mafuta nijipake, hii kitu inawasha. Na kisu."

Tulikata mpaka giza likaingia. Kikundi kilichungulia dirishani, kisha kikaenda zake bila kufunga kikao kwa sala. Mume wangu alikuja akachochea moto. Mama alikata vipande vinene mno, vingine kama kidole, nami sikumrekebisha hata kimoja.

Katoni ziliondoka na gari la asubuhi. Baada ya Idi mzee alipiga simu, akasema zimeisha zote, ila kwenye baadhi ya pakiti aliona mkono asioujua.

"Ni kweli," nilimwambia. "Nimepata msaada."