Eko Moja kwa Kwaya Zote

Saa tano asubuhi jua limeshapanda juu ya uwanja wa kanisa mjini Mweiga, lakini upepo wa milima ya Nyandarua haujali jua. Unapiga turubai za mahema, unaingia kwenye maikrofoni na kuvuma kama gunia linaloburutwa. Monicah Kabura, fundi wa sauti, amevaa vipokea sauti juu ya kitambaa chake cha kichwa. Macho yake hayatoki kwenye kipimo chembamba pembeni mwa skrini ya miksa, mashine ya kidijitali ya kuchanganya sauti. Kipimo kimejaa, chekundu hadi juu.

"Hii mashine ni kama sufuria ya mukimo," anasema bila kugeuka. "Iko na ukubwa wake. Ukijaza viazi pekee, mahindi utaweka wapi?"

Kilichojaa ni nguvu ya kuchakata sauti. Kila kazi anayoipa miksa, iwe kuchuja upepo au kutia mwangwi, ambao hapa wote huuita eko, hula sehemu ya nguvu hiyo. Ikiisha, mashine hukataa kazi mpya.

Leo kanisa linatimiza miaka hamsini. Kwaya ya Chaka inaimba, na itaendelea chini kwa chini wakati Mama Wakonyo akiwataja marehemu waliolijenga. Kila jina likitajwa, jamaa za marehemu huyo watasimama. Ni yeye tu aliyebaki kati ya waliowajua wote. Tangu alipopasuliwa koo, sauti yake imekuwa mnong'ono. Upepo usipochujwa, utaumeza.

Kabura anabonyeza kichujio cha upepo. Skrini inakataa.

Kosa lilianza mapema. Kwaya za huku hushindana hata pasipo na mashindano, na kila mwalimu wa kwaya alidai eko ya watu wake peke yao.

"Sisi tutumie eko ya watu wa Kiganjo?" Gicheru, mwalimu wa kwaya ya Chaka, alimwuliza. "Ati tuimbe na makombo?"

Kabura akaipa kila kwaya eko yake. "Hao watu wako na midomo," anasema. "Nilitaka amani."

Sasa dawa ni moja: kuziondoa eko zote na kuziunganisha kwaya kwenye eko moja, katikati ya wimbo. Alijaribu hivyo kwenye harusi Nanyuki, sauti ikakatika, wageni wote wakamgeukia. Simu za kazi zikanyamaza. Kabura, mama wa wasichana wawili, akarudi kuchuma kahawa ya watu Othaya ili wabaki shuleni.

Mama Wakonyo ameshainuka, ameshikwa mkono, anatembea polepole kuelekea maikrofoni.

"Nangoja akina mama," Kabura anasema.

Anangoja ngemi, vigelegele ambavyo wanawake hupiga ubeti unapoisha. Chini ya kelele hiyo hakuna atakayesikia mkato. Ubeti unaisha. Hakuna ngemi. Wanawake wanamtazama Mama Wakonyo, wamesahau kabisa.

"Haiya! Pigeni basi, nyinyi!" Kabura ananong'ona, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Mmoja anaanza, huko nyuma. Kisha uwanja mzima unalipuka. Kabura anaziondoa eko zote, anaweka moja, anaziunganisha kwaya. Kipimo kinashuka hadi kijani. Kichujio kinakubali. Vigelegele vinapokwisha wimbo bado upo, na Gicheru hajageuka.

"Ngatia," spika zinanong'ona, "aliyechonga mawe ya mlango."

Kabura haangalii skrini tena. Anatazama hema la mwisho, kule kwenye masufuria ya chai, aone kama jina limefika. Hakuna anayetikisika. Halafu mwanamume mmoja aliyechuchumaa analiweka birika chini taratibu, anajipangusa mikono kwenye suruali, anasimama.

Kabura anavuta pumzi.

Baada ya chakula Gicheru anamjia, meno yote nje. "Kabura, leo umetuheshimu! Eko ilikuwa yetu kabisa. Wale wa Kiganjo walisikika wakavu."

"Mwalimu, mlikuwa mnakula sahani moja na wao."

"Wacha mchezo!" anacheka na kwenda zake.

Mwezi ujao Kabura ana kazi Karatina, mkutano wa kwaya nyingi kuliko za leo. Amepanga kuwaita walimu wote kabla hajafungua waya hata mmoja, awaambie eko ni moja.

"Wakinuna, wanune," anasema akikunja nyaya. "Mimi nitaacha nafasi kwenye hii sufuria. Huwezi kujua ni nani atasimama na sauti ndogo."