Moto Wako Una Nafasi?

Mwezi uliopita nilifanya upumbavu ambao mke wangu sasa anausimulia hata kwa wageni. Yule mtu wa kukusanya vyuma chakavu alipita chini ya gorofa zetu hapa mtaa wa Fedha, nikampa jiko letu la makaa pamoja na stovu ya mafuta ya taa, naye akanipa beseni la plastiki. Nilijiona mjanja. Si nilikuwa nimenunua jiko la umeme? Jioni hiyo hiyo stima ikapotea. Maharagwe yalikuwa bado magumu kama kokoto, mama mkwe yuko njiani, nami nimekaa gizani na beseni jipya mapajani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka nyanya yangu wa mtaa wa Jericho, aliyenilea.

Wakati huo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mafuta ya taa yalikuja kwa msimu kama kumbikumbi. Unasikia yamefika, unakimbia na mtungi, unapanga foleni, na zamu yako ikikaribia pampu inakohoa: yameisha. Makaa nayo yalipanda bei, gunia likizidi kunywea. Nyanya alikuwa akipika githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kuwauzia vibarua wa Industrial Area mchana, na githeri hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Moto ukikosekana, na nyumba hatuna. Hilo hata mimi mtoto nililijua.

Aliyetuokoa ni jirani wa mlango wa pili, mfagiaji katika kiwanda cha mbao.

“Shosho, ule unga wa mbao wanatupa tu,” alimwambia. “Nipe gunia.”

Basi tukawa watu wa unga wa mbao. Unachukua mkebe wa rangi, unautoboa ubavuni chini, unasimamisha chupa ya soda katikati, kisha unashindilia unga kwa ngumi mpaka ushikane. Halafu unaizungusha chupa polepole na kuichomoa, inaacha shimo. Moto unawashwa chini, nao unajilia wenyewe kimya kimya tangu alfajiri mpaka githeri iive, bila kupulizwa.

Una kasoro moja tu: haupendi mtikisiko. Mtu akiruka au akibamiza mlango, unga unaporomoka, na moshi unawatoa nyote nje. Kwa hiyo alihitajika mlinzi asiyependa kwenda popote, na hapo nilikuwa nimezaliwa na kipaji. Wenzangu walikimbiza mpira wa makaratasi. Mimi nilikaa kizingitini, nikinusa moshi wa mtarakwa na kusikiliza sufuria ikinong’ona.

“Askari wa githeri!” walinipigia kelele wakipita. “Leo pia umefungiwa?”

Sikuinuka kuwafukuza. Ningetikisa jiko.

Lakini kitu cha bure hakikai bure mtaani. Kila mlango ulipata mkebe wake, na magunia yakapanga foleni kule kiwandani kama mitungi ya mafuta zamani. Wenye kiwanda wakaanza kuuza walichokuwa wakitupa. Kisha wakajenga tanuri lao wenyewe la kukaushia mbao, na unga wote ukaingia humo. “Moto haujui kushiba,” nyanya alisema. “Ukiulisha leo, kesho unakuja na wageni.”

Asubuhi moja tulibaki na mkebe mmoja ulioshindiliwa, na mlango wa pili hawakuwa na kitu. Mke wa yule mfagiaji alikuwa amejifungua juzi yake, akaja mlangoni na sufuria ya maji ya kumwogesha mtoto. Nyanya alitazama githeri yake. Ikichelewa, vibarua watakula kwingine. Akatoa kifuniko, akaichukua ile sufuria ya maji na kuiketisha juu ya githeri, iwe ndiyo kifuniko. Mvuke ukafanya kazi yake. Githeri iliiva, mtoto akaoga.

Tangu siku hiyo, katika safu yetu ya nyumba hakuna aliyewasha moto bila kuulizwa na jirani: “Moto wako una nafasi?” Na nafasi ilipatikana, hata kama ni ya kupasha pasi tu.

Sasa nasikia redioni kwamba stima tunayoitaka inauzidi uwezo wa mito na mabwawa. Mimi niliishia kidato cha nne, siwezi kubishana nao. Ninachojua ni kwamba nyumba yangu moja inakula moto kuliko safu yetu nzima ya Jericho, na ukizimika, hakuna anayeuliza moto wa jirani.

Jioni ile stima ilipopotea, niliuliza. Nilibeba sufuria hadi mlango wa pili, kwa mama mwenye gesi, nikagonga.

“Mama, samahani. Moto wako una nafasi?”

Alinimulika kwa simu, mimi kisha maharagwe.

“Nafasi iko, weka hapo nyuma. Lakini mzee, miaka yote hii tunapitana kwa ngazi kimya. Stima ikirudi, usijifanye hunijui.”