Kocha Alipokuja Kuposa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimevaa viatu vya visigino. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha jiografia katika shule moja ya sekondari karibu na Berea, hapa Johannesburg, na kichwani nilikuwa nimejipanga kwa mito, milima na mvua za misimu. Mkuu wa Shule, bwana mrefu asiyependa maneno mengi, alinisimamisha kwenye korido kabla hata sijaonyeshwa darasa.

"Umewahi kucheza mchezo wowote wa gongo?"

"Raundas, sir. Shule ya msingi, Machakos."

"Inatosha. Mwalimu wa besiboli amehama, kwa hiyo ni wewe. Una leseni ya kuendesha kombi?"

"Ninayo."

"Basi umehitimu," akasema, akaniwekea funguo mkononi na kuondoka zake.

Nyinyi vijana wa siku hizi mnaosomea ualimu wa michezo hadi mnapata shahada mtacheka. Mimi nilijifunza kazi hiyo kwenye usukani. Shule yetu haikuwa na uwanja, kwa hiyo kila alasiri ya mazoezi niliwapakia watoto kwenye kombi na kuwapeleka kwenye klabu moja upande wa kusini mwa jiji, ambako nyasi zilikuwa halisi na kilima cha mrushaji kilikuwa cha udongo ulioshindiliwa vizuri. Mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira, na kilima ni kile kituta anachosimama juu yake katikati ya uwanja. Nilipokuwa mgeni nilikiona kituta kile nikadhani fundi bomba amesahau kusawazisha.

Kocha wa Klabu, mzee wa Kiafrikana mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku, ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa, lakini alipenda watoto. Mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, kama yanavyofanya hapa karibu kila alasiri ya miezi ya joto, alitutoa uwanjani kabla ya radi, tukajibana chini ya paa la mabati tukinywa chai yake ya roibosi. Hapo ndipo masomo yalipokuwa. Nayakumbuka yale mabati na ile harufu ya udongo uliolowa, na nikiri kwamba moyo huniuma kidogo.

Siku moja chini ya paa hilo aliniambia, "Madam, watoto wako wawili watatu wanaweza kusoma Marekani kwa mkono huu," akainua mkono wake wa kulia. "Lakini mimi najua mpira tu. Mambo ya barua na wazazi ni yako."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya pili, ile isiyokuwa kwenye mkataba: kuziongoza familia hadi mtoto achukuliwe na timu ya chuo cha Marekani. Wenyewe huita kuskauti. Kwa kifupi ilikuwa hivi. Kocha wa chuo hawezi kusafiri hadi Johannesburg kumtazama kila mtoto, kwa hiyo mtoto hujipeleka kwake kwa video. Video iwe fupi, ianze na mirusho yenyewe, isiwe na muziki wa kanisa wala salamu za shangazi. Barua pepe aiandike mtoto mwenyewe, kwa sababu makocha wale wakiona barua ya mzazi huifunga bila kuimaliza. Alama za darasani ziende pamoja na video, kwani ofisi ya kule hukagua masomo kabla ya kumruhusu mtu kuvaa jezi. Na ufadhili wenyewe hugawanywa kama kuku mmoja wa wageni wengi. Ukipata paja, shukuru.

Hata jiografia yangu ilipata kazi. Johannesburg iko juu sana na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo mpira unaopaswa kupinda haupindi sawasawa. Mrushaji wetu mzuri, akitazamwa na mtu wa pwani, anaonekana wa kawaida. Niliwafundisha watoto kuandika sentensi moja kuhusu mwinuko wa mji wetu, na makocha kadhaa walijibu kwa sababu ya sentensi ile tu.

Niliwapitisha vijana wengi, lakini nikiulizwa kuhusu kazi hii, anayenijia kwanza ni Héritier.

Héritier alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Yeoville. Baba yake alitoka Bukavu, akafungua kiduka chake Rockey Street, katikati ya masaluni, na hapo ndipo nilipokuwa nikipeleka sketi zangu zote kupunguzwa au, miaka ilivyokwenda, kuongezwa. Tulimwita Baba Héritier kama alivyoitwa na mtaa mzima. Alikuwa mtu wa suti hata siku za joto, mzee wa kanisa, na kila nilipoingia alisimama kunipokea. Kijana wake alikuwa kimya, mrefu, na mkono wake ulitoa mpira kwa mlio uliomfanya Kocha wa Klabu aache kikombe chake kipoe.

Héritier alikuwa mwaka wake wa mwisho, mwaka wa matriki. Akimaliza bila chuo, kulikuwa na cherehani ya pili pale dukani ikimsubiri, na yeye na cherehani walikuwa hawapatani. Basi tulipopata jibu kutoka kwa kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa, akitaka kuzungumza na familia kwa video, nilifurahi mpaka nikakosea njia kurudi nyumbani. Siku ya mazungumzo nilikuwa nasimamia mitihani. Jioni nilimpigia Baba Héritier.

"Imeenda vizuri sana, Madame," alisema. "Tumemupokea kwa heshima."

"Na ofa?"

"Ametoa. Mambo iko sawa."

Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kusahihisha.

Wiki zikapita. Nilipeleka sketi dukani, nikamkuta anakata kitambaa cha sare za kwaya.

"Baba Héritier, mlishatuma jibu, sivyo?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Jibu gani, Madame? Tunangoja arudie."

"Arudie nani?"

"Ule kocha. Siye kwetu, mutu akikuya kuposa, haumujibu siku ile ile. Ukimujibu mbio, atasema nyumba iko na njaa, mutoto hana samani, hana bei. Unamwambia, 'Tumesikia, tutakaa na ukoo.' Anaenda. Mwenye kuposa kwa kweli anarudiaka."

Nikaomba kiti. Ndipo aliponieleza yote, kwa fahari. Waliitisha ukoo. Mjomba wa kijana, aliyekuwa msemaji katika posa za mabinti zao wote, ndiye aliyekaa mbele ya simu. Héritier walimweka nyuma, karibu na kabati, ameinamisha macho kama mtoto mwenye adabu. Kocha alipouliza, "Héritier, wewe mwenyewe unataka nini?" mjomba ndiye aliyejibu, kwamba kijana anataka watakachotaka wazee wake. Kocha akaomba jibu ndani ya wiki ile. Mjomba akasema wamesikia.

"Baba Héritier! Yule si bwana harusi!"

"Anataka kuchukua mutoto wangu, anamupeleka kwake, anamulisha, anamuvalisha. Ni nani basi?"

Methali zetu zenyewe zina tabia ya kugombana. Yeye alishika haraka haraka haina baraka, mimi nikashika chelewa chelewa utapata mwana si wako, na wakati sisi tukipigana kwa hekima za wahenga, nilikuwa tayari natafuta namba ya kocha kwenye simu yangu.

Kocha alipokea. Alikuwa mtu muungwana na sauti yake ilikuwa ya kusikitika kweli. "Niliwaandikia mara mbili, Mwalimu. Hawakujibu. Nilielewa kwamba hawatutaki, na sikutaka kuwasumbua. Nafasi nimempa mrushaji mwingine."

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba Héritier aliweka mkasi mezani, akauweka sawa sawa na ukingo wa meza, akaupanga tena. "Aliandika," nikamwambia. "Mara mbili."

"Mjomba alisema tusifungue. Alisema ni ya kubembeleza tu, tungojee mutu mwenyewe." Kisha akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu yule amekaa mbele ya mgeni. "Nimemuzibia mutoto njia, Madame. Mimi mwenyewe, na heshima yangu."

Héritier aliingia kutoka shule wakati ule, begi begani, akatuona. Hakuhitaji kuelezwa mengi. "Eish," alisema tu, akaenda kuketi kwenye cherehani ile ya pili. Mimi, niliyeingia pale nikiwa na hasira za kuweza kuchemsha birika, nilizikosa zote. Nilitaka kulia.

Kocha wa Klabu nilipomweleza aliwasha kiko, akasema, "Madam, mpira wa mrushaji ukipigwa mbali, anafanya nini?"

"Anaomba mpira mwingine."

"Ja, ndivyo. Sasa ondoka hapa ukaombe."

Tulianza upya. Safari hii tulitafuta vyuo vya miaka miwili, ambavyo mtu husoma na kucheza kabla ya kuhamia chuo kikuu. Wengi huvidharau, lakini huwa na nafasi hadi dakika za mwisho. Héritier aliandika barua kila siku baada ya mazoezi, sentensi ya mwinuko wa mji ikiwemo. Wengi hawakujibu. Mmoja akasema kikosi kimejaa. Mitihani ya matriki ikakaribia, sare za kwaya zikaisha, na Baba Héritier akawa ananiuliza kwa macho tu kila nikipita.

Hatimaye kocha wa chuo kidogo, mahali penye joto na mashamba, akaomba mazungumzo ya video. Nilihakikisha nipo. Tulikutana dukani Jumamosi mchana, Rockey Street ikipiga kelele zake nje. Safari hii Héritier alikaa mbele. Mjomba alipewa kazi ya kulinda mlango asiingie mteja. Baba Héritier alisimama nyuma ya simu, asionekane, na nikaona ameweka pini midomoni, zimejipanga kama anavyofanya akipima suti.

"Unapima nani?" nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa, akaonyesha mdomo wake. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa amejifunga asije akasema.

Kocha aliuliza maswali, Héritier akajibu kwa sauti ndogo, kisha kubwa kidogo. Mwishoni kocha akasema, "Nina nafasi moja. Unaitaka?"

Kijana akainua macho kumtafuta baba yake. Kwa namna alivyolelewa asingeweza kufanya vinginevyo. Baba Héritier, pini zimebanwa midomoni, macho yamejaa maji, akatingisha kichwa kukubali mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Yes, sir," Héritier akasema. "Naitaka."

Kocha akacheka kwa furaha, akauliza kama mzazi ana neno. Baba Héritier akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye mkono wa koti lake, akainama mbele ya simu.

"Madame, umutafsirie. Mwambie mutoto huyu anakulaka mingi."

Siku ya kuondoka kwake sitaieleza. Nitasema tu kwamba suti aliyovaa ilishonwa na mtu aliyekuwa hapati usingizi, maana mshono mmoja ulikuwa umepinda, na fundi yule hakuwahi kupindisha mshono.

Mimi nilistaafu baada ya miaka mingi ya kombi. Mkuu wa Shule wa sasa, binti mchangamfu aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, alinipa saa ya ukutani, na watoto wakanipa mpira waliousaini. Kocha wa Klabu alikuwa amekwisha fariki. Ningependa angekuwapo, anitukane kidogo. Nilidhani nikistaafu nitapumzika. Kumbe familia huwa hazikustaafishi. Wananipigia kutoka Yeoville, Berea, Joubert Park, wakiniuliza video iwe ya urefu gani.

Ndivyo nilivyojikuta, majuzi, katika fleti moja ya Joubert Park kwa familia ya Warundi. Mabinti na watoto wadogo walikuwa chumbani, wazee sebuleni, na kijana wao mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji, alikaa mbele ya simu. Msemaji wa familia waliyemwalika alikuwa Baba Héritier, mvi kichwani, suti ya kijivu mwilini kama zamani. Siku hizi yeye ndiye anayezishauri familia za mtaa, na ushauri wake ni mmoja: jibu mbio.

Simu ikawaka. Kwenye kioo alikuwa Héritier. Baada ya masomo alibaki kule, na sasa ni kocha msaidizi wa chuo, mwenye kazi ya kutafuta wachezaji. Alimsalimia kila mzee kwa zamu, kwa Kiswahili chake cha kukwama, akaeleza chuo, akaeleza nafasi.

"Jibu!" Baba Héritier akamsukuma kijana begani. "Sema ndiyo! Sasa hivi, mutoto, watu wa kule hawangojeaka!"

"Papa," Héritier akasema kule kwenye simu, akitabasamu. "Papa, wacha. Musijibu leo. Mukae na ukoo, muongee. Hii nafasi sitamupa mutu. Nitarudia Jumapili, mukitoka kanisa."

Mama wa kijana akajifuta uso kwa kanga. Tulipofika chini barabarani, Baba Héritier aliniambia tu kwamba nitunze mkoba wangu.

Jumapili tulirudi pale fletini kutoka ibadani, chai ikamiminwa, na kabla vikombe havijazunguka, simu ikalia. Kila mtu akamtazama kijana. Mimi nilimtazama Baba Héritier. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, machozi yakimtiririka bila aibu.

"Nilikuambia, Madame," alisema. "Mwenye kuposa kwa kweli anarudiaka."